Fundi, amplifaya haijapona mpaka upime bayasi

Kuna mtindo umeota mizizi kwenye meza zetu za ufundi hapa Kariakoo, nami kama fundi redio siwezi kuendelea kuunyamazia. Amplifaya inaletwa imekufa. Fundi anaifungua, anakuta transista za nguvu zimeungua, anafunga mpya, anawasha. Muziki ukilia, mteja analipa na kuondoka. Bayasi haikupimwa. Kazi ya namna hiyo haijaisha, na hela yake imelipwa kabla ya wakati.

Kwa asiyejua, maelezo yake si marefu. Katika amplifaya nyingi za nyumbani, transista za nguvu hufanya kazi kwa jozi: moja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini. Tatizo liko pale zinapopokezana. Transista haianzi kupitisha umeme mpaka ipate kama volti 0.6, hivyo zikiachwa hivihivi moja humaliza zamu kabla nyingine haijaamka. Bayasi ni mkondo mdogo unaopita muda wote, hata pakiwa kimya, ili zote mbili zikae macho.

Ikiwa ndogo mno, sauti hukwaruza, hasa ukisikiliza kwa chini. Weka taarabu usiku, watoto wamelala, utasikia fidla kama zinapigiwa ndani ya debe. Wengi hulaumu spika, wakanunua nyingine, na mkwaruzo ukabaki palepale.

Ikiwa kubwa mno, amplifaya hujichoma yenyewe. Tupige hesabu. Kila transista ya nguvu huwa na rezista yake, mara nyingi ya omu 0.22. Mita ikisoma milivolti 10 kwenye rezista hiyo, mkondo ni kama miliampia 45. Kwa amplifaya yenye volti 45 chanya na 45 hasi, hiyo ni wati 4 hivi za joto kwa jozi moja. Mkondo ukipanda hadi nusu ampia, joto ni wati 45, na hapo hujapiga wimbo hata mmoja.

Mzee mmoja mstaafu aliniletea amplifaya ya zamani ya Kijapani iliyokwisha kutengenezwa kwingine mara mbili. "Mwanangu, kila ikitoka kwa fundi inalia wiki moja, halafu inaungua tena," aliniambia. Transista za nguvu zilikuwa mpya kabisa. Kosa lilikuwa pembeni yake: transista ndogo ambayo kazi yake ni kuhisi joto la hitisinki, yaani bati la kupozea transista za nguvu, ilikuwa inaning'inia hewani. Aliyebadilisha zile kubwa aliifungua hii ndogo na hakuirudisha mahali pake.

Kosa hilo linaua. Transista ikipata joto, ile volti 0.6 inayohitaji hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Mkondo huongezeka, joto huongezeka, mkondo nao huongezeka tena. Ile ndogo ndiyo hukata mzunguko huo kwa kushusha bayasi kadiri hitisinki inavyopata moto. Ikiwa hewani, haijui kitu. Nilipaka grisi ya joto, nikaikaza kwa skurubu yake, ndipo nikaanza kurekebisha.

Kurekebisha kwenyewe kunataka subira tu. Spika zitolewe, sauti ishushwe hadi mwisho, kirekebishio kirudishwe upande wa bayasi ndogo kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya waya, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa mfululizo na umeme wa ukutani. Ikiwaka kwa nguvu isififie, bado kuna shoti. Ukiridhika, ondoa balbu, maana bayasi hupimwa kwa umeme kamili. Nasa waya za mita kwenye rezista kwa vibanio, kwani ncha ikiteleza unaunguza ulichofunga sasa hivi. Zungusha polepole hadi kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, subiri robo saa ipate joto, pima tena. Upande mmoja ukibaki sifuri hata ukizungusha vipi, acha kuzungusha: ubovu uko kwingine. Na wewe usiye fundi, usifungue. Kapasita kubwa hushika umeme hatari hata waya ukiwa umechomolewa.

Najua jibu la wenzangu: mteja ana haraka, anabishania bei, hatalipia kupima. Ni kweli, na wateja mna sehemu yenu. Mkilipia kipuri tu, mtauziwa kipuri tu. Lakini yule mstaafu alilipa mara mbili kwa kazi isiyopimwa, na kila mara seti nzima ya transista ilikwenda jalalani. Saa moja ya mita ingemgharimu kidogo kuliko hapo.

Kwa hiyo, unapochukua amplifaya yako, muulize fundi mambo matatu. Bayasi ilisoma milivolti ngapi kila upande baada ya kupata joto? Umeme wa moja kwa moja kwenye vituo vya spika ni kiasi gani? Katika amplifaya nyingi usizidi milivolti 50, maana ukizidi sana utaunguza spika. La tatu, kihisi joto kimerudishwa kwenye hitisinki? Mwambie aandike majibu kwenye risiti.

Nasi mafundi tuweke bei ya kupima kwenye orodha yetu, waziwazi, tuidai bila haya. Walimu wa vyuo vya ufundi wasimpitishe mwanafunzi anayejua kuchomelea risasi lakini hajui kusoma milivolti. Amplifaya hizi za zamani bado zina miaka mingi ya kuimba. Tukiziua kwa uvivu wa kupima, tusisingizie umri wake.