Pepopunda Haisubiri Kutu

Wana-ualimu wenzangu, TP inakaribia na kila mtu anauliza hela ya kujikimu itaingia lini. Swali la haki kabisa. Mimi naongeza moja: nani kati yetu, hasa sisi wanaume, anakumbuka mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda?

Mtaani tumeaminishwa kwamba hatari ni msumari wenye kutu. Kutu haina kosa. Kinacholeta ugonjwa ni bakteria aitwaye Clostridium tetani, anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Mwiba, jembe au kipande cha chupa vinaweza kumwingiza mwilini, na kidonda chembamba chenye kina ndicho anachokipenda, maana ndani hakuna hewa.

Akishamea humo hutoa sumu inayopanda kwenye mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo. Kwa kawaida zipo neva zinazoamuru msuli ukaze, na zipo zinazoizuia amri hiyo ili msuli ulegee. Sumu hunyamazisha hizi za pili. Ni kama gari linalokimbia huku breki zimekatwa. Taya hujifunga, shingo hukakamaa, mgongo hupinda kama upinde. Mlango ukigongwa tu, mgonjwa anakazwa upya, na muda wote huo akili zake ni timamu. Misuli ya kupumulia nayo ikikaza, anaweza kufa.

Sumu ikishanata kwenye neva, hakuna dawa ya kuing'oa. Hospitali itazuia ile ambayo bado haijanata, itatuliza misuli na kumsaidia mgonjwa kupumua kwa wiki kadhaa mpaka neva zijijenge upya. Na ukipona, hujapata kinga. Kinga ni chanjo tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 6: 3 za uchangani na 3 za kuongeza nguvu, ya mwisho kati ya miaka 9 na 15. Kwetu mama mjamzito huchanjwa kliniki, jambo zuri sana lililookoa watoto wachanga wengi. Lakini kijana wa kiume ambaye hajawahi kufika hospitali na jeraha, huenda alichomwa mara ya mwisho akiwa na umri wa wiki 14!

Wapo watakaosema huo ni ugonjwa wa zamani. Tusidanganyane. Pepopunda haiambukizwi na mtu, inatoka kwenye udongo, kwa hiyo chanjo ya jirani yako haikukingi wewe.

Nasi tunakwenda kwenye shule zenye mashamba, kusimamia watoto wakilima na kufyeka. Mtoto akijikata, mwalimu ndiye wa kwanza kuitwa. Akimwambia, "Jembe halina kutu, rudi darasani," au akamruhusu apake majivu, amemponza. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Hoja yangu kwa serikali ya wanafunzi ni fupi: kabla ya kila TP, zahanati ya chuo itoe chanjo ya pepopunda kwa wote, wa kike na wa kiume, na kila mwalimu mtarajiwa apate somo la huduma ya kwanza. Hela ya kujikimu ikichelewa, tutakopa. Chanjo ikichelewa, hakuna wa kutukopesha.