Siku ya sita si anasa
Na Anaeli Mushi

Desemba 9 ikikaribia, vikundi vya wafanyakazi na marafiki huanza kuchangishana ili wapande Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Nawapongeza. Tatizo ni kwamba swali la kwanza huwa bei, na bei nafuu kwa njia ya Marangu ni ya siku tano. Safari hiyo naipinga waziwazi.

Tazama hesabu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu unafika Kibo, 4,700, unajinyoosha kidogo, halafu usiku wa manane unaamshwa kukitafuta kilele, 5,895. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala usiku uliotangulia. Sisi tunapanda takriban maradufu. Kileleni kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Tanga au Dar es Salaam, na mwili huzoea kwa siku, si kwa ujasiri.

Wala si kwa misuli. Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa zamani wa tenisi wa dunia, alishushwa kutoka mlima huuhuu mapafu yakiwa yamejaa maji, akalazwa Nairobi.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usipande tena mpaka vitulie. Anayeyumba kama mlevi, anayesema yasiyoeleweka, au anayekosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku na kilele kiko mbele ya macho. Dawa ya Diamox humsaidia mtu kuzoea. Haimpi mgonjwa ruhusa ya kuendelea.

Wanaoniuma zaidi ni wapagazi. Mgeni akiumwa, wote humkimbilia. Kijana aliyebeba kilo 20 hupanda mlima uleule kwa mapafu kama yetu, naye anaweza kuficha maumivu akihofia kukatwa ujira.

Safari ya siku tano ifutwe. Siku ya ziada Horombo, ya kutembea kuelekea Mawenzi na kurudi kulala chini, iwe sharti kwa kila kundi. Mpagazi anayeshuka akiumwa alipwe safari nzima. Na ninyi mnaochangishana mwaka huu, fedha zikipungua, fulana za kikundi ndizo za kukatwa, si siku hiyo.