Jeraha Lisiloonekana na Farasi wa Arlington

Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na jirani aliyepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Usiku mzee huyo alikuwa akipiga mayowe, akiwaita watu tusiowajua. Tuliambiwa ana mashetani, nasi tukaamini. Ajabu ni kwamba alipolala zizini pamoja na ng'ombe wake, mayowe yalikoma. Hakuna aliyejishughulisha kuuliza sababu.

Nimemkumbuka kwa ajili ya jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi yenu. Nchini Marekani, wanajeshi waliojeruhiwa vitani hupandishwa farasi ili wapone. Nilipolitaja katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aliangua kicheko na kusema farasi ni mchezo wa mabwanyenye. Sikumlaumu. Wengi wetu farasi tumewaona Ngong siku za mashindano tu, tena kwa mbali.

Hata hivyo, mwaka wa 2006, katika kambi ya Fort Myer iliyo kando ya makaburi ya Arlington, farasi waliozoea kuvuta majeneza ya wanajeshi walianza kuwabeba walio hai, wakiwamo waliopoteza miguu Iraq. Farasi atembeapo, mgongo wake huyumbisha nyonga za mpandaji kama ziyumbavyo za mtu atembeaye kwa miguu yake. Misuli iliyosahau kazi hukumbushwa, na aliyekatwa mguu hujifunza upya kuusawazisha mwili.

La moyo ni zito zaidi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na usalama wake u katika kuitambua hofu mapema. Askari akikaza mabega na kubana pumzi, farasi huhangaika; akilegea, naye hutulia. Daktari waweza kumwambia kwamba hujambo akakuamini. Farasi hadanganyiki, wala hakulazimishi usimulie uliyoyaona.

Sidai kwamba huu ni muujiza. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha matokeo ya wanajeshi wa zamani 63 wenye kiwewe cha vita. Hao hawakupanda hata. Kwa majuma manane waliwasugua farasi na kuwaongoza kwa kamba. Takriban nusu walipata nafuu kubwa. Lakini hapakuwa na kundi la pili la kulinganishia, na mwanafunzi yeyote wa sayansi ajua kasoro ya jaribio la namna hiyo. Isitoshe, kumtunza farasi ni gharama, na daktari bado anahitajika.

Linaloniuma si uhaba wa farasi. Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika orodha yao mwaka wa 1980, baada ya vita vya Vietnam. Wanajeshi wetu nao waliingia Somalia Oktoba 2011, na watoto wao wamo madarasani mwetu. Je, mwalimu mwenzangu, yule anayesinzia asubuhi kwa sababu baba yake alikesha akipiga mayowe, wewe humwitaje? Mvivu?

Mzee wetu alifariki kabla sijamaliza shule. Siku ya mazishi ng'ombe wake walibaki zizini hadi jioni, nasi watoto bado tulikuwa tukinong'onezana habari za mashetani.