NANI ALIMFUNZA KARANI WA MIZANI?



Kila mchuma chai anaijua mizani. Mshahara wake ni kilo, na karani akiisoma vibaya, jasho la siku nzima limepotea. Ndiyo sababu hatukubali mizani isiyopigwa muhuri wa Serikali. Basi mbona twakubali watoto wetu wapimwe na mtu ambaye hakufunzwa kupima?

KCPE, iliyoanza mwaka 1985, ilimalizika mwaka 2023. Sasa alama hazitoki katika mtihani mmoja tu. Watoto wa Gredi ya 9 waliofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025 walihesabiwa hivi: katika kila alama 100, 60 ni za mtihani wenyewe, 20 za KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 za kazi waliyopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Hizo 20 za mwisho zimo mkononi mwa mwalimu.

Wakubwa wengine husema, "Mwalimu ni mwalimu, kusahihisha hakumshindi." Hayo ni maneno ya mtu asiyepata kushika chaki. Kutia alama ya ndiyo au siyo ni kazi nyepesi. Lakini kumtazama mtoto akipanda mboga, kisha kusema amefikia kiwango au anakaribia, na mwalimu wa shule ya pili akiiona kazi ile ile aseme vile vile, huo ni ufundi. Ufundi hufunzwa.

Waalimu wengi walitoka chuoni kabla ya mtaala huu, wakapewa semina za siku chache. Alama zikipishana, nani hulaumiwa? Mwalimu!

Na sisi tusijifiche. Wako wenzetu wanaowapa watoto wote alama nzuri ili shule isifiwe. Huko ni kutia mawe katika kikapu. Lakini dawa yake ni mafunzo, si vitisho.

Tunadai mambo 3. Kwanza, mwanafunzi wa ualimu asitoke chuoni kabla ya kusahihisha kazi za watoto halisi mbele ya mwalimu mzoefu, na kueleza sababu ya kila alama. Pili, waalimu wa shule jirani wakutane kulinganisha alama, tena saa za kazi, si Jumamosi ya bure. Tatu, gharama za karatasi na za kupeleka alama kwa Baraza la Mitihani zisitoke mfukoni mwa mwalimu.

Wewe kuli, wewe dereva, wewe mchuma chai: jambo hili si la waalimu peke yao. Anayepimwa ni mtoto wako. Njoo mkutanoni.

Umoja ni nguvu!