UKURASA WA MFUGAJI: PUNDA NAYE ALALE PAKAVU



Mwezi huu tutazungumza juu ya punda. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: malalo yake. Yaani kile kitu unachomtandikia chini ili alale.

Huenda unacheka. Huenda unasema, "Bwana Shamba, punda ni mnyama mgumu. Analala popote." Wengi wamenijibu hivyo, kuanzia Rhotia mpaka Endulen. Tafadhali soma kwanza mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

PUNDA NI MIGUU YA NYUMBA

Hapa Karatu punda hubeba maji, mahindi, kuni na vitunguu. Kule Ngorongoro hubeba maji, na boma linapohama hubeba vyombo vya nyumba nzima. Tufanye hesabu. Dumu moja la maji ni lita 20. Punda akibeba madumu mawili, amebeba kilo 40 kwa safari moja. Mama hubeba dumu moja kichwani. Basi punda akichechemea, mama atakwenda kisimani mara mbili. Na mtoto atakosa shule ili amsaidie mama yake.

Tufanye hesabu nyingine. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hafai kubebeshwa mizigo mpaka afike miaka minne. Mwaka mmoja na miaka minne ni miaka mitano. Ukimpoteza punda leo, utangoja miaka mitano kumpata mwingine wa kazi kutoka zizini kwako.

Na kununua si rahisi. Miaka iliyopita punda wengi wa Afrika walichinjwa kwa ajili ya ngozi zao, zilizotakiwa China kwa kutengenezea dawa. Ndiyo maana mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo kwa miaka 15. Basi punda uliye naye, mtunze.

KWA NINI AKILALA MAJINI ANAUMIA?

Asili ya punda ni nchi kavu. Punda mwitu bado wapo wachache katika majangwa ya Ethiopia na Eritrea. Huko mvua ni kidogo na ardhi ni ya mawe. Kwato za punda ni za nchi ile. Ni ndogo, na hunyonya maji upesi. Manyoya yake hayazuii mvua vizuri kama manyoya ya farasi.

Lakini sisi tumemleta kwenye nchi ya baridi. Wakati wa masika zizi huwa tope. Mwezi Juni mpaka Agosti baridi ya Karatu unaijua, na ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni kali zaidi. Wala hatuwezi kumwacha nje usiku, kwa sababu fisi wanamngoja. Basi tunamfungia. Ukimfungia, ameshindwa kujichagulia mahali pakavu. Kazi hiyo sasa ni yako.

Akisimama usiku kucha katika tope la kinyesi na mkojo, mambo manne humpata.

Kwanza, kwato huoza. Geuza ukwato uangalie chini. Kuna sehemu laini yenye umbo la pembetatu. Sehemu hiyo huanza kuoza, huwa nyeusi na kunuka vibaya. Baadaye punda huchechemea.

Pili, kifua huumia. Mkojo uliokaa hutoa hewa kali inayochoma macho na pua. Wewe mwenyewe ukiingia asubuhi hutokwa na machozi. Yeye amekesha humo, na pua yake i karibu na ardhi kuliko yako.

Tatu, hapumziki. Kweli punda huweza kusinzia akiwa amesimama. Lakini usingizi mzito haupati mpaka alale chini. Penye tope hataki kulala. Asubuhi unambebesha mzigo naye bado amechoka. Halafu unasema ni mvivu.

Nne, majeraha huingia uchafu. Jina la ugonjwa wa pepopunda tumelitoa kwa mnyama huyu, na si bure. Punda na farasi hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko ng'ombe. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi. Msumari mmoja katika malalo unatosha kumtoboa mguu na kumwua. Hata wewe, ukichomwa na msumari zizini, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati siku hiyo hiyo.

MALALO GANI YANAFAA?

Malalo mazuri yana sifa nne. Ni makavu. Ni laini. Hayana vumbi wala ukungu. Na punda akiyala hayamdhuru, maana punda huonja kila kitu. Sasa tuangalie vitu tulivyo navyo.

Mabua ya ngano na shayiri. Haya ndiyo bora. Watu wa Mbulumbulu, Rhotia na Oldeani mnayajua. Yana joto na ni laini. Punda akiyatafuna usiku hapana neno, kwani tumbo lake limeumbwa kwa chakula kikavu kama hicho. Najua ng'ombe nao wanayataka. Basi wape ng'ombe kwanza, halafu yale wanayoyabakiza, yakiwa makavu na safi, mtandikie punda.

Nyasi kavu. Nazo ni nzuri. Kata zilizokomaa kwenye kingo za matuta ya shamba, zianike siku mbili au tatu, uzigeuze. Toa miiba na magugu usiyoyajua. Usikate ndani ya msitu wa hifadhi bila ruhusa.

Maranda ya mbao. Hunyonya mkojo vizuri sana. Chukua yale mapana yanayotoka kwenye randa ya fundi. Ule unga mwembamba wa msumeno una vumbi linalomkohoza. Mwulize fundi kama mbao zilipakwa dawa. Kama zilipakwa, usichukue. Pekua misumari kwa mkono, tena polepole.

Maganda ya mpunga. Hupatikana kwenye mashine za Mto wa Mbu. Ni mepesi na makavu, lakini hayanyonyi maji mengi. Yatandaze chini, halafu weka nyasi juu yake.

Mchanga. Sehemu za joto kama Mang'ola mchanga unafaa, kwa sababu maji hupita chini upesi. Lakini usimwagie chakula juu yake. Atameza mchanga pamoja na majani, na tumbo litamsokota. Weka chakula kwenye kihori.

Maganda ya maharage. Punda atayala yote kabla hujalala wewe! Afadhali wape ng'ombe.

Mabua ya mahindi. Hapa nataka usome polepole. Mabua ya mahindi ni magumu na hayanyonyi mkojo. Hilo si kubwa, unaweza kuyakatakata kwa panga. Kubwa ni ukungu. Mahindi yaliyonyeshewa huota ukungu, na ukungu mmojawapo wa mahindi una sumu inayoharibu ubongo wa punda na farasi. Mnyama huzubaa, huyumba, huzunguka ovyo, huanguka na kufa. Ng'ombe anaweza kula mabua hayo hayo asionyeshe dalili. Kwa hiyo usiseme, "Ng'ombe wamekula, hawakudhurika." Mabua, magunzi au punje za mahindi zenye ukungu zisifike kabisa mahali pa punda.

KWA NDUGU WAFUGAJI WA NGORONGORO

Ninyi mnaokaa ndani ya hifadhi hamlimi, kwa hiyo mabua ya ngano hamna. Lakini mna samadi kavu. Wakati wa kiangazi samadi iliyokauka na kupondeka ni malalo mazuri yenye joto, na wazee walilijua hilo zamani. Taabu ni mvua. Mvua ikinyesha, kitanda kile kile huwa kinamasi.

Basi fanyeni hivi kabla ya mvua. Chagueni upande wa juu wa boma kwa ajili ya punda. Chimbeni mfereji nje ya ua, upande maji yanakotoka, ili maji yapite kando. Kwangueni samadi yenye maji. Katikati jengeni tuta pana la udongo mkavu na changarawe, lenye kimo cha goti, lishindiliwe vizuri. Juu yake tandikeni nyasi kavu. Punda watapanda wenyewe kulala hapo. Na ua wa miiba usipungue, maana fisi hajali kama punda amelala pakavu au penye maji.

NAMNA YA KUTANDIKA

Punda wawili wanahitaji nafasi ya hatua tatu ndefu kwa hatua tatu. Sakafu iwe ya udongo ulioshindiliwa, yenye mteremko kidogo ili mkojo utoke. Paa lisivuje. Upande mmoja uachwe wazi juu ili hewa ipite.

Tandaza malalo yawe na kina cha shubiri moja. Pembeni, karibu na ukuta, ongeza kidogo, maana upepo huingia huko.

Kila asubuhi, punda akishatoka, ondoa kinyesi na sehemu zilizolowa. Yale makavu yasukume pembeni ili sakafu ipate hewa. Jioni yarudishe na uongeze mapya kidogo. Ni kazi ya muda mfupi. Wakati wa mvua, toa yote mara moja kwa juma na uanze upya.

Uliyoyatoa usiyatupe. Yarundike shimoni, yafunike, yageuze mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi yanakuwa mbolea ya mahindi na mboga. Maranda huchelewa kuoza, kwa hiyo yape muda mrefu zaidi. Ukiyatia shambani mabichi, mazao yatakuwa ya manjano.

Mavuno ya ngano yakiisha, weka akiba ya mabua kwenye uchaga chini ya paa. Anayetafuta malalo mvua ikiwa imekwisha anza, atapata yaliyolowa.

JIPIME MWENYEWE

Hakuna haja ya chombo. Ingia bandani alfajiri. Piga goti juu ya malalo, hesabu polepole mpaka 50. Ukiinuka na goti limelowa, basi punda wako amelala majini. Halafu chuchumaa, pua yako iwe mahali pua ya punda inapokuwa akilala. Ukichomwa macho, ondoa malalo leo, usingoje kesho. Mwisho chukua konzi moja ya malalo, uikung'ute kwenye mwanga wa jua. Likitoka vumbi jingi au harufu ya ukungu, hayafai.

Kila jioni inua miguu yote minne. Toa uchafu kwa kijiti butu, ukitoka kisigino kwenda ncha ya ukwato. Nusa. Ukwato mzima haunuki. Ukinuka, au punda akichechemea, mwite mtaalamu wa mifugo mapema. Mwulize pia juu ya chanjo ya pepopunda.

NENO KWA AKINA BABA

Mara nyingi punda huitwa "wa mama", kwa sababu mama ndiye huchota maji. Lakini nyumba nzima hunywa maji hayo. Basi kutandika banda, kuchimba mfereji na kuleta nyasi kusiwe kazi ya mama peke yake. Baba na vijana wasaidie. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtunza mnyama ni wajibu, si hisani.

Mwenye farasi naye afuate maneno haya haya. Farasi ni wachache kwetu, lakini kwato zao na vifua vyao huharibika vivyo hivyo.

Wahenga walisema, punda afe, mzigo ufike. Mimi nauliza: punda akifa leo, mzigo wa kesho utafikaje?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Punda wa kijiji chetu hulala wapi wakati wa masika?
2. Ni malalo gani tunaweza kuyapata bila kununua?
3. Kwa nini mabua ya mahindi yenye ukungu ni hatari kwa punda kuliko kwa ng'ombe?
4. Nani katika nyumba yako anasafisha mahali pa punda? Je, kazi imegawanywa kwa haki?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya shogi na vidonda vya mgongoni. Kabla ya hapo, kesho alfajiri, kapige goti bandani.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.