Meya aliyeshika mizani ya Kroatia na kisa cha kuiachia

Metković ni mji mdogo kusini mwa Kroatia, watu 15,000 hivi, kando ya mto Neretva, hatua chache kutoka mpaka wa Bosnia. Bonde lile lasifika kwa machenza. Tangu mwaka 2013 likasifika pia kwa Božo Petrov, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa na miaka 33 alipomng'oa meya mkongwe wa mji, Stipe Gabrić, mtu ambaye wengi waliamini hang'oki.

Petrov hakuwa na chama cha kitaifa nyuma yake. Alikuwa na kundi la wenyeji waliojiita Most, yaani Daraja. Mji ulikuwa na madeni, naye akaanza kubana matumizi na kuyalipa. Sifa zikatoka nje ya bonde, na makundi huru ya miji mingine yakaja kujiunga naye.

Kuelewa kilichofuata, yafaa ujue kwamba siasa za Kroatia tangu uhuru zimekuwa za nyumba mbili: HDZ upande wa kulia na SDP upande wa kushoto. Watu walikuwa wamechoshwa na zote mbili. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2015, Petrov alikwenda mbele ya wakili wa viapo akatia saini kwamba hataungana na yeyote kati ya hizo. Ahadi iliwafurahisha wapiga kura, lakini hesabu ya bunge haina habari na ahadi. Bunge lina viti 151, hivyo wa kuunda serikali anahitaji 76. Muungano wa HDZ ulipata 59, wa SDP 56, na Daraja 19.

Meya wa machenza ndiye sasa wa kubembelezwa. Mazungumzo yalichukua zaidi ya wiki sita. Mwenzake mmoja mkubwa, Drago Prgomet, alifukuzwa kwa kwenda kuzungumza peke yake na kiongozi wa SDP, na wabunge wengine nao wakajitenga. Mwishowe Daraja likaingia serikalini na HDZ, kwa sharti kwamba waziri mkuu asiwe wa chama chochote. Akaletwa Tihomir Orešković, mfanyabiashara wa sekta ya dawa aliyekulia Kanada na ambaye Kikroatia chenyewe kilikuwa kikimpiga chenga. Petrov akawa naibu waziri mkuu, na kiongozi wa HDZ, Tomislav Karamarko, naibu wa kwanza.

Hapa ndipo naona alipokosea, na wala si kwa kuvunja kiapo, ingawa wapinzani wake hawajaacha kumkumbusha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtu asiye na chama atakuwa juu ya vyama. Orešković hakuwa na mbunge hata mmoja wa kumtetea. Zilipofumuka habari za biashara za mke wa Karamarko na mtu aliyehusishwa na kampuni ya mafuta ya MOL ya Hungaria, serikali ikapasuka, na Juni 2016 wabunge 125 wakapiga kura ya kumwondoa waziri mkuu. Alikuwa amekaa miezi mitano tu.

Uchaguzi ukarudiwa Septemba. Daraja likashuka hadi viti 13, bado vikihitajika. HDZ ilikuwa na kiongozi mpya, Andrej Plenković, na safari hii Petrov akapewa uspika wa bunge, hata miaka 37 hajatimiza. Sisi tuliomwona Amason Kingi akitoka ugavana wa Kilifi na chama chake cha PAA hadi uspika wa Seneti mwaka 2022 twajua kiti kile hupatikanaje. Ni kiti kirefu, lakini funguo za hazina haziko chini yake.

Aprili 2017 kampuni kubwa ya Agrokor ilikuwa ikizama kwa madeni. Waziri wa fedha, Zdravko Marić, aliwahi kufanya kazi humo, na Daraja likataka aondoke. Plenković hakumfukuza Marić. Aliwafukuza mawaziri watatu wa Daraja waliokataa kumtetea. Mei 4, Marić akanusurika bungeni chupuchupu, na siku hiyo hiyo Petrov akajiuzulu uspika. Kung'ang'ania kiti kungemhifadhia gari na walinzi, basi. Kwa hilo mimi namheshimu.

Plenković akapata washirika kwingine, na Daraja likabaki upinzani, likielemea zaidi upande wa kihafidhina: viti 8 mwaka 2020, na 11 mwaka 2024 pamoja na washirika wake. Mwaka huo HDZ ilikosa tena wingi wa kutosha. Plenković akaenda kukaa mezani na chama kingine kidogo, Domovinski pokret, wala hakubisha hodi kwa watu wa Metković.