Ile karatasi ya matokeo ukutani

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya ile karatasi inayobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu matokeo yakitoka. Jina, alama, nafasi. Kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho.

Wa kwanza apigiwe makofi, hatuna shida naye. Sisi tunauliza juu ya wale wa chini. Tunaozunguka mlango kwa mlango hapa Kakuma tunawajua. Kuna asiyeona ubao vizuri. Kuna asiyesikia, na darasani wako zaidi ya mia. Kuna ambaye herufi zinamchanganya. Karatasi haisemi hayo. Inasema tu: nafasi ya 114. Basi ataitwa "wa mkia" mpaka kwenye foleni ya maji, na nyumbani wataanza kusema, si afadhali abaki aangalie wadogo zake?

Halafu kuna shida isiyoonekana ukutani. Shule ikipimwa kwa wastani, mtoto anayeshusha wastani anakuwa mzigo. Ni rahisi kumwambia arudie darasa, asubiri mwaka kesho. Wastani unapanda, na yeye hayupo kwenye hesabu. Sasa hayo matokeo mazuri ni ya nani?

Wengine watasema: bila orodha walimu watalala, na wafadhili watajuaje pesa yao imefanya kazi? Ni swali la haki. Lakini hatusemi matokeo yafichwe. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitangaza kuacha kupanga shule kwa nafasi. Januari 2023 NECTA ya Tanzania ilitoa matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora. Mitihani haikufa. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla habari za mtoto kutumiwa.

Tunaomba mambo matatu. Moja, kila mtoto apewe matokeo yake mkononi, na mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mbili, ukutani ziwekwe hesabu za shule: wangapi waliandikishwa, wenye ulemavu ni wangapi, waliofanya mtihani wangapi, waliosaidiwa wangapi. Tatu, anayehitaji Braille, maandishi makubwa au muda wa ziada aombewe mapema. KNEC inayo mipango hiyo, lakini shule isipoomba, mtoto anafanya mtihani kama wengine halafu tunamwita mjinga.

Kijana mwenzetu, kama kwa jirani kuna mtoto wa namna hiyo, msindikize mzazi wake shuleni wiki hii mkaulize ameandikishwaje. Na nyinyi wa mashirika, mkija na fomu zenu, ongezeni mstari mmoja tu: nani hakufanya mtihani, na kwa nini?